Kikompyuta kisicho na feni lakini RAM ni GB 8 tu, ninunue au niache?

Swali: "Asalaam aleikum fundi. Niko Tanga, nasoma hadithi na makala kwa sauti, narekodi chumbani kwangu halafu naunganisha na picha naweka YouTube. Laptopu yangu feni inanguruma mpaka inasikika kwenye rekodi. Nimeona kikompyuta kidogo cha Zotac hakina feni, kinapoozwa na chipu, RAM GB 8 na SSD GB 512. Muuzaji anasema memori ni 512 kwa hiyo inatosha, na RAM nitaongeza mbele ya safari. Huku kupoza bila feni ni kweli au maneno ya biashara? Na RAM nitaongeza? Nataka nikae nacho miaka mitano."

Waaleikum salaam dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nimelipenda kwa sababu we una haja ya kweli ya ukimya, hununui kitu kwa vile ni kipya.

Nianze na la muuzaji maana ndo litakuumiza mfuko. RAM ya hicho kikompyuta huiongezi. Sio kwamba ni kazi ngumu au inataka fundi hodari, hapana, hakuna sloti kabisa, yaani hakuna tundu la kuchomekea RAM nyingine, zile GB 8 zimechomelewa kwenye mazabodi kiwandani na zitabaki GB 8 mpaka siku mashine inakufa. Na hiyo 512 anayoiita memori ni SSD, pa kuwekea rekodi zako na programu zikiwa zimelala. RAM ni pale programu zinapokaa zikiwa zimefunguliwa zinafanya kazi, na hiyo ndo 8. Haya mambo mawili yanachanganywa madukani kila siku na wala sidhani muuzaji wako kakudanganya makusudi, simu ndo zimetuzoesha, mtu akisema memori ya simu anamaanisha pa kujaza picha na video. Ila pesa ni yako, kwa hiyo ujue.

Sasa kupoza bila feni. Hilo ni kweli, sio maneno ya biashara, na mi nalipenda jambo lenyewe. Hicho ulichokiona bila shaka ni ZBOX PI430AJ, Zotac walikionyesha mwaka 2023 kwenye maonyesho ya Computex kule Taipei, kikiwa kikompyuta cha kwanza cha namna yake kutumia kipoza kinachoitwa AirJet Mini. Kipoza chenyewe hakitengenezwi na Zotac, kinatengenezwa na kampuni ya Frore Systems ya San Jose, California, na ndani ya hicho kikompyuta vimewekwa viwili.

Ukikishika kimoja mkononi ni kidogo kuliko kiberiti, milimita 27.5 kwa 41.5, unene milimita 2.8. Ndani kuna viwambo vyembamba mno vinavyotetemeshwa kwa umeme, vinatetemeka haraka kupita sikio la mtu linavyoweza kusikia. Vikitetemeka vinafyonza hewa kupitia vitundu vya juu, halafu vinaipiga kwa mikupuo midogo midogo yenye nguvu kwenye bamba la shaba lililo chini, lile bamba ndo limegusana na joto la prosesa, hewa inabeba joto inatokea ubavuni. Hamna mhimili unaozunguka wala beringi ya kukauka grisi. Na sauti yake inatajwa kuwa desibeli 21, wakati mnong'ono wa mtu huwa unahesabiwa kama 30 hivi. Kwa mtu anayerekodi sauti hiyo ni neema.

Jambo la pili zuri, na hili watu wa pwani tulitilie maanani, ni vumbi. We fungua laptopu yoyote iliyokaa Tanga miaka mitatu uangalie feni. Utakuta pembeni ya mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, kumejijenga kitu kama kipande cha blanketi, kijivu, kimeshikana kwa unyevu na chumvi ya bahari mpaka unakitoa kwa kibano kikiwa kizima, na nyuma yake mapezi ya shaba yameota kijani. Feni inazunguka kwa nguvu zote inapiga kelele lakini hewa haipiti. Hiyo ndo kelele unayoisikia kwenye rekodi zako, nina uhakika kwa asilimia kubwa. AirJet inasukuma hewa kwa mgandamizo mkubwa, paskali 1,750 kwa namba zao, feni nyembamba ya laptopu haifiki hapo hata kwa mbali, kwa hiyo wanaweza kuweka kichujio cha vumbi mlangoni na hewa bado ikapita. Feni ya kawaida ukiiwekea kichujio kama hicho imekwisha.

Ila kuna hesabu moja nataka tuifanye pamoja, kwa sababu Tanga sio California. Kipoza kimoja kinasemwa kuondoa wati 5.25 za joto, lakini chenyewe kinakula wati 1, na hiyo wati 1 nayo ni joto, kwa hiyo faida halisi ni wati 4.25. Viwili ni 8.5. Prosesa iliyomo ni Intel Core i3-N300, ina koa 8 ndogo, yaani sehemu nane za kufanyia hesabu, na Intel wanaiweka kwenye wati 7. Nane na nusu kwa saba, inatosha, bado kuna nafasi. Sasa chukulia namba zile zimepimwa hewa ikiwa nyuzi 25 na chipu ikiwa nyuzi 85, tofauti hapo ni nyuzi 60. Chumbani kwako mwezi wa pili na madirisha umefunga kwa ajili ya rekodi, hewa inafika 33 bila tabu, tofauti inashuka mpaka 52. Nguvu ya kupoza inashuka nayo kwa uwiano huo huo, ile 5.25 inakuwa kama 4.5, toa 1 ya kwake inabaki 3.5, mara mbili ni 7. Umeona ilivyofika pembeni kabisa? Haina maana mashine itaungua, maboksi haya yanapunguza kasi yenyewe yakizidiwa na mwili wake pia unatoa joto kidogo, lakini ina maana kwamba ukiiachia kazi nzito ya nusu saa, mfano kutoa video nzima, usitegemee iende kasi ya juu mwanzo mwisho. Kwa kurekodi sauti, haitahisi kitu.

Kwa hiyo joto wamelitibu na wamelitibu vizuri. Kilichobaki ni RAM, na hapo dada yangu ndo nataka ukae chini unisikilize, kwa sababu joto likikushinda una njia za kulitafutia dawa baadaye, unaweza ukaweka mashine sehemu yenye hewa, ukapunguza kasi ya prosesa, hata ukanunua kafeni ka USB ukaelekeza pale wakati hurekodi. RAM iliyochomelewa haina dawa.

Kwanini wameichomelea? Wengi wanasema ni uchoyo wa kampuni ili ununue mpya, na sisemi hiyo haipo kwenye biashara, lakini kwenye boksi hili sababu nyingine zinaonekana kwa macho. Mwili wake ni takriban milimita 115 kwa 76, unene kama 24. Kipande cha RAM cha kuchomeka, hizi za laptopu, kina milimita 69.6 kwa 30. Piga hesabu ya eneo, kipande kimoja tu kingekula karibu robo ya bodi nzima, na bado hujaweka SSD, hujaweka vipoza viwili ambavyo navyo vinataka nafasi na njia ya hewa. Halafu RAM yenyewe ni LPDDR5, aina ya simu na laptopu nyembamba, inatumia volti ndogo na inataka njia fupi sana kati yake na prosesa, ndo maana kwa miaka yote LPDDR imekuwa ya kuchomelewa tu. Kuna mtindo mpya wa kuifunga kwa skrubu unaitwa LPCAMM2, umeanza kuonekana kwenye laptopu chache za bei kubwa mwaka 2024, boksi lako halina hiyo.

Na hata kama sloti ingekuwepo, prosesa yenyewe ina kikomo. N300 na ndugu zake kama N100 zina mlango mmoja tu wa RAM, na Intel wameandika mwisho ni GB 16. Watu wengi wameweka kipande cha GB 32 kwenye maboksi ya N100 yenye sloti na kikafanya kazi, lakini hiyo ni bahati yako na boksi lako, Intel hawakuahidi. Mlango mmoja maana yake pia kasi inagawanywa, LPDDR5 ya 4800 kwenye mlango huo inapitisha kama GB 38 kwa sekunde, na hiyo hiyo inatumiwa na prosesa na sehemu ya picha kwa pamoja. Maana kikompyuta hiki hakina kadi ya picha yenye RAM yake, kinachota humo humo kwenye 8.

Sasa tuje kwenye kazi zako, hapa ndo kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Kurekodi sauti hakuli RAM. Sauti yako ya maiki moja kwa kipimo cha sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 ni kama MB 8.6 kwa dakika, saa nzima haizidi MB 520, na tena programu ya kurekodi inaiandika kwenye SSD huku unasoma, haiihifadhi kwenye RAM ikasubiri umalize. Ungeniambia unataka mashine ya kurekodi na kusafisha sauti basi, hakuna YouTube hakuna video, ningekwambia chukua hicho ukiwa na amani, GB 8 zinatosha na zitatosha.

Lakini we umesema unaunganisha na picha. Na najua, kwa sababu watu wote wanafanya hivyo, kwamba wakati unafanya hayo WhatsApp iko wazi kwenye braoza, YouTube iko wazi, hadithi unayoisoma iko wazi kwenye ukurasa mwingine. Windows 11 peke yake kwenye mashine za GB 8 ninazozifungua inakuwa imeshachukua GB 3 na zaidi kabla hujagusa kitu. Braoza yenye kurasa kumi inachukua 2 au zaidi, ukurasa mmoja wa YouTube unakula mamia ya MB. Sehemu ya picha nayo imechota chake. Programu ya video ndo inafika mwisho inakuta mabaki. DaVinci Resolve ambayo wengi wanaikimbilia kwa sababu ni ya bure, wenyewe wanataka GB 16 za kuanzia, kwa hiyo hiyo itoe kwenye mawazo, hapo ungebaki na Shotcut au Kdenlive, programu za video za bure zilizo nyepesi zaidi.

RAM ikijaa mashine haizimi, na hilo ndo linawadanganya watu dukani wakati wa kujaribu. Windows inabana bana vilivyomo, ikishindwa inaanza kuhamishia vingine kwenye SSD. SSD hata iwe ya kasi, RAM inajibu kwa muda wa nano sekunde mia hivi, SSD inajibu kwa makumi ya maikro sekunde, yaani mamia ya mara polepole zaidi. Unaliona kwenye mshale, unabofya dirisha linawaza kwanza ndo linafunguka. Kwako we kuna balaa la ziada. Programu ya kurekodi inapokea sauti kwa mafungu madogo, ukubwa wa fungu unaitwa bafa, na ukiwa umeweka bafa ya sampuli 256 kwenye kipimo kile cha 48,000 kila fungu ni milisekunde 5 na ushee tu. Kipande kimoja cha programu kikiwa kimehamishiwa SSD na kikachelewa kurudi zaidi ya hapo, kwenye rekodi unapata "tk" ndogo kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Umesoma dakika arobaini vizuri, sauti imekaa, hadithi imefika pazuri, halafu ukija kuisikiliza unazikuta tk tatu katikati ya maneno. Unarudia. Mi nimeshakaa na kijana mmoja anayerekodi mawaidha tukatafuta chanzo cha hizo tk jioni nzima, tumebadilisha maiki, tumebadilisha waya, kumbe braoza iliyoachwa wazi nyuma ilikuwa imejaza RAM ya GB 8 yote.

Na umesema miaka mitano. Programu hazipungui ukubwa, we mwenyewe unaona. GB 8 ambayo leo inabana, mwaka wa tatu itakuwa inakaba.

Kuna mtu atakwambia fundi mzuri anaweza kuzitoa chipu za RAM akaweka kubwa. Kimaandishi inawezekana. Mimi nimeona bodi nzima ikipotea hivyo, ya mteja, joto la mashine ya kupuliza lilipindisha bodi kidogo tu, kwa jicho huoni, na haikuwaka tena. Na hata ukizichomea salama bado mfumo wa ndani wa bodi unatakiwa ujue RAM mpya ni ipi, na hilo hulishiki we. Usiruhusu mtu akufanyie hivyo.

Basi ningekuwa mimi na hiyo pesa ningefanya nini? Kikompyuta hicho kilipotoka kilitajwa kwa bei ya kama dola 500, na kufika huku kinaongezeka usafiri na ushuru. Kwa pesa hiyo hiyo au chini yake nina njia mbili.

Ya kwanza ni boksi la N100 au N300 la kupoa lenyewe, lile ambalo mwili mzima ni bati la aluminiamu lenye mapezi, halina feni wala AirJet. Ukimya wake ni kamili kwa sababu hakuna kinachotikisika. Mwili unapata moto mpaka mkono unashtuka, usiuwekee kitambaa wala vitabu juu, lakini tafuta lenye sloti ya RAM na uchukue na kipande cha GB 16 kabisa siku hiyo hiyo. Angalia sloti ni ya DDR4 au DDR5, haziingiliani, pengo la katikati limekaa sehemu tofauti. Ni kubwa kuliko hicho ulichokiona na halina uzuri ule, ila RAM ikifa au ikipungua unabadilisha mwenyewe kwa dakika tano.

Ya pili ndo ninayoipenda zaidi kwa ajili yako. Yale maboksi madogo ya maofisini yaliyotumika, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Kariakoo yamejaa, mengi yanaingia kupitia Dubai. Chukua yenye Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu chini ya hapo Windows 11 haiipokei rasmi na Windows 10 msaada wake uliisha Oktoba 2025. Yenye i5-8500T kwa mfano ina koa 6 za nguvu, sloti mbili za RAM, unaweka GB 16 leo na kesho ukitaka 32 unaweka 32. Ina feni, ndio, najua ulikimbia feni. Lakini laptopu inakubana kwa sababu feni iko kwenye meza moja na maiki, boksi hili halina skrini wala kibodi juu yake, unaliweka nje ya chumba. Unatoboa tundu dogo ukutani au unapitisha chini ya mlango, waya wa HDMI wa mita 5 na waya wa USB wa mita 5, hizo ndo mwisho kwa waya wa kawaida wa USB 2.0, ndani unabaki na skrini, kibodi, na maiki. Ukimya wa hapo hakuna kipoza cha duniani kitakachokupa, kwa sababu mashine haipo chumbani.

Kitu kingine kabla hujalaumu feni kwa kila kelele: sikiliza rekodi zako ukiwa umenyamaza. Ukisikia mlio mzito wa "mmmm" usiobadilika hata laptopu ikipoa, huo sio feni, huo ni umeme, adapta haina ethi au soketi yako ethi yake haijafungwa. Rekodi ukiwa umechomoa chaji, tumia betri. Mlio ukiondoka umeokoa pesa nyingi, utaita fundi umeme afunge ethi, na hiyo kelele hata ungenunua hicho cha Zotac ingekufuata.

Na kama moyo umeshakipenda hicho kidogo, labda unasafiri nacho, sikukatazi, ila kiishi kwa masharti. Kirekodie tu, video ifanyie kwenye laptopu yako ya sasa kwa sababu hapo kelele haidhuru. Kama unaweza, weka Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na uwashe zram, hiyo inabana vilivyomo ndani ya RAM kabla ya kukimbilia SSD na kwenye GB 8 tofauti unaiona siku hiyo hiyo. Ukibaki na Windows funga braoza yote kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, weka bafa 512 au 1024 kwa sababu we unasoma huimbi na muziki, kuchelewa kidogo hakukuhusu. Na usimsikilize anayekwambia uzime ile akiba ya RAM iliyopo kwenye SSD, ukiizima RAM ikijaa programu inafungwa yenyewe na rekodi yako imo ndani.

Ukirudi kwa muuzaji, usimuulize "RAM inaongezeka?" maana atasema ndio. Mwambie akuonyeshe kwenye boksi au kwenye karatasi palipoandikwa RAM. Ukiona LPDDR, au onboard, au soldered, jua imechomelewa, unanunua hiyo hiyo ya milele. Ukiona SO-DIMM, kuna sloti, hapo muulize ziko ngapi na ngapi ziko wazi. Na palipoandikwa inaongezeka mpaka TB kadhaa, hiyo ni SSD, sio RAM.

Niandikie kama huo mlio wa "mmmm" upo au haupo kabla hujatoa hata shilingi, tuanzie hapo.